Mwaka Niliofuta Chapa ya Barni

Watu wengine huanza kuandika kumbukumbu zao wakifiwa na baba, au na mwalimu aliyewachapa mpaka wakawa watu. Mimi nimefiwa na ngamia. Aliitwa Barni, alikuwa jike, alinizidi umri, na habari za kifo chake zilikuja kwa simu kutoka kwa Abti Gure, kaka yake mama, ambaye ndiye anayekaa nyikani na mifugo ya bibi yangu. Nilikuwa naosha vikombe. Nilimsikia Ayeyo, ndivyo tunavyomwita bibi, akisema Inna lillahi kwa sauti ya chini, na mama akamwambia kwa upole kwamba maneno hayo ni ya watu. Ayeyo akamuuliza, kwani Barni alikuwa wa nani? Mimi nikaendelea kusugua kikombe ambacho kilishakuwa safi, maana miaka miwili iliyopita swali hilohilo, Barni ni wa nani, lilitunyima usingizi nyumba nzima, na aliyelianzisha ni mimi na kidole changu cha shahada. Kisha Ayeyo akaniita chumbani, akataka nimtafutie picha ya Barni. Ile ya kweli, akasema, bila hata kunitazama. Amekula chumvi nyingi lakini hajasahau kitu, hasa kama ni kosa langu.

Mambo ya ukoo nitayaruka. Kwetu ukianza kumtaja babu wa babu hutamaliza kabla ya Maghrib, na mimi nina mtihani wa kidato cha nne unanisubiri. Itoshe kujua kwamba mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko kidato cha pili, hapahapa Garissa mjini, na nilikuwa nalala chumba kimoja na Ayeyo. Kilikuwa chumba cha mabati nyuma ya nyumba, chenye vitanda viwili, sanduku la bati ambalo sikuruhusiwa kulikalia, na chetezo cha uunsi kilichofanya sare yangu ya shule inukie kama bibi harusi. Pazia la kijani ndilo lililotutenga na jiko. Yeyote aliyesema jambo jikoni alikuwa amelisema kitandani kwangu, na nusu ya ninayoyajua kuhusu dunia niliyapata kupitia pazia lile, mdomo umejaa anjera yenye sukari na mafuta ya simsim, nikijifanya nasoma Bayolojia.

Nilikuwa na simu. Ilikuwa ya mama zamani, kioo kimepasuka pembeni, na nafasi yake ya kuhifadhi picha ilikuwa ndogo kama mfuko wa shati. Humo nilipakua app mbili za kurekebisha picha, nami nikawa fundi. Nilianza na dada yangu mkubwa, nikamwondolea chunusi. Darasa zima likasikia. Ikawa kila nikitoka shule nakuta foleni ya picha kwenye WhatsApp: Hibo, nitoe hili jasho, Hibo, nifanye niwe Dubai, Hibo, huyu aliyesimama nyuma yangu simpendi, mfute. Kuna msichana ambaye kishungi chake kilikuwa kimerudi nyuma siku ya Idi na nywele zikaonekana, akaniletea picha analia. Nilimchorea kishungi kwa kidole, nikakiwekea hata mikunjo na kivuli, mpaka mama yake akauliza kile cha rangi hiyo walikinunua wapi. Mwalimu wa Hisabati nilimpa mabawa ya tai na miguu ya mbuni, nikamsimamisha juu ya daraja la Tana. Hiyo sikumtengenezea mtu. Ilikuwa ya kufurahisha nafsi.

Lakini kazi zangu bora zilikuwa za Ayeyo. Nilimpeleka mwezini akiwa na birika lake. Nilimvika miwani ya jua na kumkalisha kwenye kiti cha rubani. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akanionya kwamba siku ya Kiyama nitaulizwa juu ya kila picha. Hata zile nilizomwacha amekaa kitandani kwake tu, nilizipitishia zana ya kufuta madoa. Ayeyo ana kovu dogo la mviringo juu ya jicho la kulia, alichomwa kwa chuma cha moto utotoni alipougua, ndivyo walivyokuwa wakitibu. Nilikuwa nalifuta. Ana garbasari, ule mtandio mkubwa, wa rangi ya tende, ambao kona yake moja haipo. Barni aliitafuna enzi Ayeyo alipokuwa bado anachunga mwenyewe. Alikuwa na tabia ya kumjia kwa nyuma na kumla nguo kama anayedai chake. Ayeyo hakuwahi kuishona ile kona. Mimi niliishona, kwenye simu, kila mara. Sikumuuliza. Niliona namfanyia hisani.

Na Barni mwenyewe. Mwanzoni mwa mwaka, mvua ikiwa bado haijakauka, Abti Gure alinitumia picha yake ili nimwonyeshe Ayeyo. Ngamia amesimama upande, shingo juu, anautazama ulimwengu kwa dharau kama mke wa chifu. Picha ilikuwa nzuri ila, kwa macho yangu ya fundi, ilikuwa na dosari. Kulikuwa na nzi. Kulikuwa na sikio la kushoto lililopasuliwa ncha. Na shingoni kulikuwa na kovu baya la kuungua, mistari mistari isiyo na nywele. Nilikaa nayo alasiri nzima. Nzi nikawatoa mmoja mmoja. Sikio nikaliziba kwa kunakili ncha ya lile la pili. Kovu nikalipapasa kwa kidole mpaka shingo ikawa laini kama ya mbuni wa kwenye kalenda. Nikamwongezea kope kidogo. Kisha nikaifuta picha ya asili, kama nilivyofanya siku zote, kwa sababu simu ilikuwa imejaa. Ayeyo aliitazama kwa jicho lake lenye mtoto wa jicho akasema mashallah, amenenepa.

Mjue kwamba sikuwa mjinga kabisa. Nilijua ngamia hupigwa chapa. Nilijua kama ninavyojua kwamba figo lina nefroni: nimesikia, sijawahi kuliona. Nimezaliwa hospitali ya mjini, nimekulia kwenye lami. Kwamba lile doa lililoniudhi ndilo jina la bibi yangu, na kwamba ile ncha ya sikio ilikatwa na mkono wake mwenyewe, wazo hilo halikunipitia kichwani hata kwa mbali.

Ukame ulipokuja Abti aliwahamisha ngamia kuelekea kusini, upande wa Ijara, na huko Barni akapotea. Nilisikia kupitia pazia. Mama alikuwa anakoroga chai, Ayeyo ameketi kwenye kigoda, na walinong'ona kama watu walio na mgonjwa. Ngamia wengi wa Ayeyo walikuwa wamekufa katika kiangazi kilichotangulia. Barni ndiye aliyebaki katika uzao wa wale aliopewa na mama yake mzazi siku alipoolewa, kizazi kwa kizazi, jike baada ya jike. Mama alisema Mungu atatoa mwingine. Ayeyo akasema anajua Mungu atatoa mwingine, yeye anamtaka yuleyule. Siku hizo hakuimalizia chai yake. Ilibaki kikombeni mpaka ikafanya ngozi, na mimi, ninayependa sana kuchekesha watu, nilimletea Ayeyo picha ya Barni akiwa mwezini na birika, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Kuna kundi la WhatsApp la mifugo iliyopotea. Wafugaji wameingia humo mpaka waliozeeka, na kila siku ni picha za ng'ombe, punda na mbuzi, na sauti za wazee wanaoeleza pembe na masikio. Abti aliniomba nitume picha ya Barni, kwa kuwa simu yake ilikuwa imetumbukia kwenye hodhi la kunyweshea na kila kitu ndani yake kimekwenda. Ayeyo ana kabambe, simu ya kupiga na kupokea tu, kwa hiyo aliyeingizwa kwenye kundi ni mimi. Nikatuma ile yangu nzuri, na chini yake jina kamili la Ayeyo kama mwenye mali. Nakiri hata niliona fahari kidogo. Kati ya wale punda waliopigwa picha kwenye vumbi, Barni wangu alikuwa kama anatangaza sabuni.

Siku ya tatu akajibu mzee mmoja wa Sangailu, jina lake Abdille. Alituma ujumbe wa sauti, mrefu, wa Kisomali cha adabu, unaoanza na salamu za nyumba nzima. Alisema kuna ngamia jike mgeni ameingia katika kundi lake. Mwendo ni huu wa kwenye picha, kimo ni hiki, lakini huyu aliyenaye ana chapa shingoni na sikio la kushoto limekatwa ncha, na wa kwenye picha hana chapa wala sikio lake halijaguswa. Kwa hiyo si huyu, Mungu awape subira. Na akaongeza kwamba kuna mtu mwingine kutoka mbali ameshamuulizia, atakuja kumtazama Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

Niliusikiliza ujumbe ule chooni, mara tatu. Pale ndipo nilipoelewa nilichofuta.

Mtu mwema angekimbia kwa Ayeyo. Mimi nilikimbilia app. Niliona nilichoharibu kwa kidole nitakitengeneza kwa kidole. Nikachora chapa, kwa kukumbuka: ndoano moja na mstari mmoja chini yake. Nikaikata ncha ya sikio. Nikaweka hadi wale nzi. Nikaituma kwenye kundi nikisema samahani, ile ya kwanza haikuonekana vizuri. Kisha watu wakaanza kunirarua. Mmoja akauliza, jana shingo ilikuwa safi, leo ina chapa, kesho mtamwekea pembe? Mwingine akasema siku hizi hata wizi umeenda shule. Mzee Abdille hakutukana. Alisema kwa upole kwamba chapa niliyoionyesha ina mstari mmoja, na ngamia aliye mbele yake ana mistari miwili, na kwamba angependa kujua watu hawa wa Garissa ni akina nani. Halafu akalitamka jina la Ayeyo, jina lake kamili, mbele ya wafugaji mia na zaidi, kama swali.

Kejeli zote nimezizoea, nimezianzisha nyingi. Lakini jina la bibi yangu kusemwa vile, sikulala vizuri. Asubuhi yake nilimkuta jikoni anapika anjera. Nilisimama mlangoni na sare yangu, nikamweleza yote, kwa kasi, kama mtu anayetapika. Alinisikiliza huku anachota unga wa maji na kuumwaga kwa mviringo kwenye bamba, anageuza, anatoa, anachota tena. Nilipomaliza, anjera ilianza kuungua ukingoni na hakuitoa, na hilo lilinitisha kuliko kipigo.

"Nionyeshe," akasema mwishowe.

Nikamwonyesha Barni. Akaisogeza simu karibu na jicho. Kisha akaniambia nimwonyeshe na zile zake yeye. Nikampitishia moja baada ya nyingine, Ayeyo kitandani, Ayeyo mlangoni, Ayeyo na garbasari yake yenye kona nne. Akapandisha kidole, akaligusa lile kovu juu ya jicho lake la kweli, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

"Kwa hiyo na mimi nimepotea," akasema. "Mtu akiniokota, mtamwambia nini, ayeyo? Kwamba mnamtafuta bibi mwingine, asiye na alama?"

Kwetu mkubwa hukurudishia jina unalomwita. Mimi namwita ayeyo, naye ananiita ayeyo. Alipolisema pale, katikati ya hasira, ndipo nilipolia. Alichota unga, lakini hakuumwaga kwa mviringo. Alichora. Alivuta ndoano kwenye bamba la moto, kisha chini yake mstari mmoja, na wa pili. Akangoja uive, akauinua kwa vidole vyake visivyojua moto, akauweka kwenye sahani yangu. Hiyo ndiyo chapa ya mama yake, akaniambia, na ya mama wa mama yake, mstari wa pili uliongezwa na yeye alipoolewa. Nile, labda itakaa tumboni kama haikukaa kichwani. Niliila yote, bila sukari. Mpaka leo naweza kukuchorea hata nikiwa nimefumba macho.

Picha haikuwa na faida tena. Hata ningechora mistari kumi, nani angeniamini? Kwenda mwenyewe hakuweza, magoti yake hayawezi barabara ile, na Abti alikuwa mbali na ngamia wengine wenye kiu. Ayeyo alifikiri mpaka anjera zikaisha. Akaniuliza kama simu yangu inabeba sauti. Nikasema ndiyo. Inaibeba yote, au na yenyewe unaisafisha? Nikasema sitaigusa. Akajifunika garbasari vizuri, kana kwamba Mzee Abdille ameingia jikoni, akamsalimia, akamwomba radhi kwa mjukuu ambaye Mungu amempa mikono kabla ya akili. Akasema hataki abishane na yule anayekuja Ijumaa. Anaomba jambo moja tu: asimame nyuma ya ngamia wake wakati wamejazana, aiache simu iseme. Kisha akavuta pumzi akamwita Barni.

Siwezi kukuandikia wito ule. Si neno. Hutoka chini kooni, unashuka kama ndoo inayoteremshwa kisimani, halafu unapanda kwa mkupuo, mara tatu, na katikati kuna jina. Nilikuwa nimelala chumba kimoja na mwanamke huyu mwaka mzima na sikujua ana sauti hiyo. Jirani alichungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Nikatuma kama ilivyo, pamoja na jirani.

Alhamisi ikapita. Ijumaa niliporudi kutoka shule kabla ya sala nikakuta video. Imepigwa na mjukuu wa kike wa Mzee Abdille, vumbi tupu, nusu ya kwanza ni ya kidole chake. Mbele kuna migongo ya ngamia kama ishirini, wote wanatafuna, wote wanatazama kwingine. Sauti ya Ayeyo inatoka kwenye simu nyingine, nyembamba, ya mbali. Ngamia hawajali. Mmoja anakojoa. Kisha wito wa pili, na katikati ya migongo kichwa kinainuka. Shingoni kuna chapa. Kina sikio lililokatwa. Kinageuka polepole, kinatafuta, na Barni anaanza kuwasukuma wenzake kwa bega anakuja moja kwa moja, anakua kwenye skrini mpaka anakuwa pua tupu, na msichana anapiga kelele kwa sababu ngamia ameanza kulamba simu. Nyuma yao Mzee Abdille anasikika akimwambia mtu ambaye haonekani, nadhani ndiye yule wa Ijumaa, kwamba umeona, ndugu yangu, mwenyewe amejibu.

Ayeyo aliitazama video ile mara moja tu. Akasema amekonda. Halafu akainywa chai yake yote, akageuza kikombe chini, na kutoka hapo hadi Alasiri aliwasimulia majirani wote kuhusu mjukuu wake mpumbavu, mmoja mmoja, kwa mapenzi makubwa.

Hiyo video imebaki. Juma lililopita, baada ya simu ya Abti, ndiyo niliyomwonyesha kwanza. Akaiangalia hadi mwisho, kisha akasema si hiyo anayoitaka. Anataka ile aliyosimama na Barni. Nikamwambia haipo. Hawajawahi kupigwa pamoja. Hata alipokwenda kumwona mvua iliporudi, simu ilikuwa nami shuleni, imefichwa kwenye soksi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kitu cha haramu, kama wale wanaotengeneza mabawa hawawezi kutengeneza hiyo pia.

Nilikaa nayo siku mbili. Nilimtoa Barni kwenye picha ambayo mjukuu wa Mzee Abdille alinitumia baadaye, akiwa na nzi wake wote, na nimewahesabu. Nikampiga Ayeyo picha upya mlangoni, kwenye mwanga wa saa kumi, garbasari mpya aliyonunuliwa Idi begani, kwa kuwa ile ya tende sasa huvaliwa kwa nadra, imechakaa. Nikawasimamisha pamoja, nikailinganisha mianga, nikavipatanisha vivuli ili viangukie upande mmoja. Chapa sikuigusa. Sikio sikuligusa. Kovu la juu ya jicho nililikuza nikahakikisha limo. Nikampelekea kitandani, moyo wangu ukinipiga kuliko siku ya matokeo.

Aliikagua kama karani wa mpakani. Kidole shingoni: ndoano, moja, mbili. Kidole sikioni. Kidole kwenye paji la uso wake mwenyewe. Nilianza kupumua.

"Uongo," akasema.

"Wapi, Ayeyo?"

"Barni amesimama nyuma yangu hivi, karibu hivi." Akaigonga picha kwenye bega lake. "Na nguo yangu ina kona zote nne."

Basi nikaichukua simu, nikaketi kando yake, nikafungua zana ileile ya kufuta. Aliniegemea ili aone vizuri, ananielekeza, hapana, zaidi kidogo, alianzia hapa akavuta hivi, meno yake ya chini yalikuwa mapana. Nami kwa kidole cha shahada nikaitafuna kona ile taratibu, mpaka Ayeyo akaridhika, akacheka, akashika mbavu.